Daftari la Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, sentimita arobaini na moja.
Saa sita, hamsini na nane; jua limeanza kulamba mlima.
Jioni, sabini na tatu, maji rangi ya chai ya maziwa.
Kwa hili nalipwa, mimi Zaibun, mjane wa Fida Husein,
msoma kijiti mtoni chini ya Thangbrok,
na wanawake wenzangu huniuliza:
hivi, mto ukihesabiwa unashiba?

Daktari Mehrin alitoka Lahore msimu wa aprikoti
na keekee ndefu kuliko mlango wa msikiti.
Alitaka kuona barafu iliyoozwa.
Nasema iliyoozwa, si iliyooza.

Baba yangu alikuwa mmoja wa washenga.
Mwaka ule mifereji ilikauka hata vyura wakahama.
Wakapanda bonde la juu kumchukua dume,
mweusi, mawe mgongoni, bahili wa maji;
wakavuka bonde la pili kumchukua jike,
mweupe wa kibuluu, anayechuruzika hata usingizini.
Wakawatia vikapuni kwa mkaa na pumba za ngano,
wakabeba usiku kucha
pasipo kutua mzigo, pasipo kusema neno,
maana barafu ikisikia watu huona haya.
Baba alikohoa, mara moja tu.
Alijilaumu hadi anakufa.

Daktari hakucheka. Aliuliza:
alikohoa saa ngapi?

Keekee ikazama mita tisa, kumi na moja, kumi na nne,
likatoka gogo la barafu, jembamba kama mkono wa mtoto,
lina mistari ya vumbi, na ndani ya vumbi, pumba.
Pumba za miaka arobaini na mitatu.
Sikulia. Nilizinusa.

Huenda ni kivuli, alisema, pale jua halifiki kabla ya saa nane.
Huenda ni maporomoko ya theluji yanailisha.
Huenda ni ndoa. Nipe miaka kumi.
Nikamwambia ngano haina miaka kumi.

Yeye aliogopa kitu kingine.
Alinionyesha picha za setilaiti, ziwa juu ya vichwa vyetu:
mwaka huu ukucha, mwaka ule kiganja,
sasa shuka lililotandikwa.
Wakasimika nguzo yenye king'ora.
King'ora kilifungwa nailoni, kikimsubiri waziri aje kukizindua.

Julai tisa, jioni, baada ya jua kali:
sentimita kumi na tisa.
Nikasoma tena. Kumi na saba.
Mto hauna sababu ya kushuka siku ya jua
ila umezibwa mahali
na unavuta pumzi.

Simu ya Mehrin haikupatikana.
Nikakimbia, nikaingia msikitini na viatu vyangu,
mimi mwanamke, matope hadi magotini,
nikashika kipaza sauti. Sikujua useme nini ulimi wangu.
Nikasoma daftari.
Sabini na tatu! Kumi na tisa! Kumi na saba!
Wakaelewa. Sijui walielewaje.
Walipanda mlima wakiwa na watoto, na kuku, na mmoja na mlango wa nyumba yake.

Maji yalishuka saa tano usiku,
yakisukuma mawe yaliyogongana kama meno.
Yalichukua daraja, kinu cha Haidar,
miaprikoti arobaini na miwili,
nguzo, na king'ora ndani ya nailoni yake.
Watu, hapana.

Mehrin ameniletea karatasi yenye mchoro.
Mstari unapanda na kushuka siku hadi siku kama kifua cha aliyelala,
kisha unatumbukia.
Pale unapotumbukia ni mimi nimesimama,
na kalamu haitoi wino.

Sheikh anauliza nani atafua zulia.

Saa kumi na mbili asubuhi. Kijiti hakipo.
Nakunja suruali, naingia.
Maji baridi, yamefika chini kidogo ya goti.
Naandika: chini kidogo ya goti.